UDONGO UPIMWE, NA MKULIMA AIONE MIZANI

Mkulima wa nchi zetu hajapata kuliogopa jembe. Kilichomtia wasiwasi tangu zamani ni mizani. Wazee wa Usukuma walilijua jambo hilo vyema, maana mwanzoni mwa miaka ya 1950 pamba waliyoilima kwa jasho lao ilikuwa ikipimwa kwa mizani ya mnunuzi, na uzito wake kuandikwa na karani wa mnunuzi. Mwenye pamba akabaki kusikiliza tu. Hawakuacha kulima, wala hawakuivunja mizani. Waliweka wapimaji wao wenyewe, wakajiunga katika vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana chini ya Victoria Federation of Co-operative Unions. Dai lao lilikuwa fupi na la haki: mali yetu na ipimwe mbele ya macho yetu.

Siku hizi imetokea mali nyingine ya shambani, ambayo haitiwi katika gunia wala haipandishwi katika lori. Ni kaboni iliyohifadhiwa udongoni. Wapo wanunuzi katika nchi za viwanda walio tayari kutoa fedha kwa kila tani ya hewa ya ukaa itakayoondolewa angani na kufungiwa ardhini, na wapo wakulima wa kwetu waliokwisha kuiuza. Mali hii ina ajabu yake: muuzaji hawezi kuiona, mnunuzi hawezi kuichukua kwake, na wote wawili humtegemea mtu wa tatu awaambie ni tani ngapi. Basi swali la mizani limerudi, na safari hii limerudi likiwa gumu zaidi kuliko lile la pamba.

Yasidhaniwe kwamba haya ni maneno ya wakulima peke yao. Mfanyakazi wa bandari na wa reli, karani wa ofisini na fundi wa kiwandani, wote hula unga uliotoka katika udongo huo huo. Na wengi wao wana shamba nyumbani linalolimwa na mama, mke au ndugu. Udongo wa kijijini ukichoka, bei ya unga hupanda mjini. Kwa hiyo yatupasa sote tujue biashara hii ni biashara gani, faida yake ni ipi, na hatari yake iko wapi.

Kaboni Yaingiaje Ardhini?

Mmea hula hewa. Majani huvuta hewa ya ukaa, na kwa nguvu ya jua huitumia kujenga shina, mizizi na mbegu. Mabua na mizizi vikioza, vijidudu visivyohesabika vya udongoni huvila. Sehemu kubwa ya kaboni hurudi hewani kwa pumzi zao, na sehemu ndogo hubaki ikashikamana na chembe za mfinyanzi, ikawa ile mboji nyeusi ambayo kila mkulima huijua kwa rangi yake na kwa jinsi inavyoshika maji wakati wa jua kali. Hivyo basi kaboni ya udongo si kitu kigeni kilicholetwa na meli. Ni rutuba ile ile waliyoijua babu zetu, ila sasa imepewa jina la sokoni.

Kiasi chake ni kikubwa. Katika mita moja ya juu ya ardhi ya dunia nzima mna kaboni ipatayo tani bilioni 1,500, nayo yapita kaboni yote iliyomo angani. Kabla ya zama za viwanda, katika kila chembe milioni moja za hewa zilikuwamo chembe 280 hivi za hewa ya ukaa. Sasa zimepita 420. Chanzo kikubwa cha ongezeko hilo ni makaa ya mawe, mafuta na gesi, vilivyochomwa kwa wingi na nchi tajiri. Lakini misitu iliyofyekwa na mbuga zilizolimwa nazo zimetoa sehemu yao, kwa sababu ardhi inayolimwa pasipo kurudishiwa kitu hupoteza mboji yake mwaka hata mwaka. Katika nchi za joto na mvua hasara hiyo huenda mbio, maana vijidudu vya huku havina majira ya baridi kali ya kuvipumzisha.

Kutokana na hayo limetoka wazo kwamba kile kilichopotea chaweza kurudishwa. Mwaka 2015, katika mkutano mkuu wa mataifa uliofanyika Paris, Waziri wa Kilimo wa Ufaransa wa siku hizo, Stéphane Le Foll, aliutangaza mpango uitwao «4 kwa 1000». Maana yake ni kwamba kaboni ya udongo ikiongezwa sehemu 4 katika kila 1,000 kwa mwaka, itasaidia sana kuzuia ongezeko la hewa ya ukaa angani. Wataalamu wengi wa udongo walijibu kwamba nia ni njema, lakini kiwango hicho hakiwezi kufikiwa kila mahali. Hatutaki kuamua ugomvi huo hapa. Sisi twasema hivi: kiwango kiwe kikubwa au kiwe kidogo, hapana awezaye kudai kwamba kimefikiwa pasipo kupima. Na katika kupima ndimo mlimo na taabu yote.

Hesabu ya Hekta Moja

Tufanye hesabu pamoja, maana hesabu hii si ya mabingwa tu. Chukua hekta moja ya shamba, uichimbe mpaka sentimita 30, kina ambacho wapimaji wengi hukitumia. Utapata mita za ujazo 3,000 za udongo. Kama kila mita ya ujazo ina uzito wa tani 1.2, udongo wote ni tani 3,600. Kama katika kila sehemu 100 za udongo huo kaboni ni sehemu 1.5, basi hekta ile ina tani 54 za kaboni.

Sasa mkulima na afanye bidii. Atie samadi, aache mabua shambani badala ya kuyachoma, achimbe makinga maji, apande miti ya kurutubisha ardhi. Tuseme, kwa mfano, kwamba kwa juhudi hiyo ameongeza tani 0.3 za kaboni katika hekta kila mwaka. Baada ya miaka 5 atakuwa ameongeza tani 1.5. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini huko maabara jasho lote la miaka 5 litaonekana kama badiliko la kutoka 1.50 mpaka 1.54 katika mia. Ni sawa na kulipima gunia la mahindi la kilo 90 ili kujua kama limeongezwa kilo mbili na nusu.

Mtu atasema: kilo mbili na nusu zaonekana katika mizani nzuri. Ni kweli, kama gunia ni moja. Lakini shamba si gunia moja. Kila mwenyeji wa kijijini ajua kwamba kipande kilicho karibu na nyumba, kinachopata majivu, takataka za jikoni na samadi ya zizi, ni cheusi na chenye kustawisha migomba. Na kipande kilicho mbali, ambacho hupata mahindi kila msimu na hakipati kitu kingine, ni chekundu na hafifu. Mpimaji akichimba hapa atapata jibu moja, akichimba hatua 50 kutoka hapo atapata jingine, na tofauti baina ya majibu hayo mawili yaweza kuwa kubwa mara nyingi kuliko lile ongezeko analolitafuta. Ndiyo sababu kijiko kimoja cha udongo hakiwezi kulisemea shamba. Yahitajiwa mashimo mengi, katika mahali palipowekwa alama, na kurudiwa pale pale baada ya miaka kadhaa.

Tena liko jambo la uzito. Udongo uliolimwa jana umetifuka, na udongo uliokanyagwa na ng'ombe umeshindiliwa. Sentimita 30 za huu si sawa na sentimita 30 za ule. Asiyeupima uzito wa udongo katika ujazo wake, akapima kaboni tu, aweza kutangaza faida isiyokuwapo, au hasara ambayo haijatokea. Mpimaji mwaminifu hulinganisha uzito sawa wa udongo kwa uzito sawa, halinganishi kina kwa kina tu.

Hata maabara zenyewe hazisemi lugha moja. Njia inayotumika bado katika maabara nyingi za kwetu ni ile iliyotangazwa na Walkley na Black mwaka 1934, ambayo huiunguza kaboni kwa kemikali pamoja na asidi kali. Njia hiyo kwa kawaida hupata kama robo tatu tu ya kaboni yote, kisha hesabu huzidishwa kwa kadiri ya 1.3 ili kufidia iliyobaki. Njia nyingine ni kuuchoma udongo katika tanuri lenye moto mkali na kuipima hewa ya ukaa inayotoka. Nayo ni sahihi zaidi, lakini mashine yake ni ya gharama. Shamba likipimwa mwaka wa kwanza kwa njia moja, na mwaka wa tano kwa njia nyingine, tofauti itakayoonekana yaweza kuwa ni tofauti ya maabara wala si ya udongo.

Mradi wa Magharibi ya Kenya

Haya si mambo ya kufikirika. Yamekwisha kutendeka kando ya ziwa lile lile ambalo upande wake wa kusini wakulima wa pamba walidai mizani yao. Kuanzia mwaka 2009, katika sehemu za Kisumu na Kitale, shirika la Vi Agroforestry kutoka Sweden liliendesha mradi wa kaboni wa kilimo kwa msaada wa Benki ya Dunia. Eneo lililokusudiwa lilikuwa hekta 45,000 hivi, mali ya wakulima wadogo wenye vipande vidogo, na wakulima karibu 30,000 walijiunga kwa vikundi. Mkataba wa kuuza kaboni ulitiwa saini Novemba 2010. Mwaka 2011 njia ya kuhesabu kaboni ya mradi huo ilikubaliwa chini ya utaratibu wa Verified Carbon Standard, na Januari 2014 zilitolewa hati za kwanza, zenye jumla ya tani 24,788 za hewa ya ukaa.

Mabwana shamba wa mradi walifundisha mambo ambayo hapana mwenye akili atakayeyakataa: kutengeneza mboji, kufunika ardhi kwa mabua, kuchimba makinga maji, kuchanganya kunde na mahindi, kupanda miti baina ya mimea. Wenye mradi wenyewe walisema wazi kwamba faida kuu ya mkulima ni mavuno, na fedha ya kaboni ni nyongeza tu. Twawasifu kwa kulisema hilo. Lakini na tuigawe ile nyongeza. Tani 24,788 kwa watu karibu 30,000 haifiki tani moja kwa mtu. Na bei ya tani yenyewe haiingii yote mkononi mwa mkulima, kwa maana kuna gharama za mafunzo, za ukaguzi, za kuandikisha na za kuuza.

Je, tani hizo zilipimwaje? Hapa msomaji aangalie vizuri. Hazikupatikana kwa kuchimba kila shamba. Wakulima waliulizwa na waliandika katika daftari wamefanya nini: wamevuna magunia mangapi, wameacha mabua kiasi gani, wametia samadi ngapi. Habari hizo, pamoja na habari za mvua, joto na mfinyanzi wa udongo, zilitiwa katika hesabu iitwayo RothC, nayo ikatoa jibu la tani. Sababu yake yaeleweka: kulipima kila shamba dogo kwa mashimo na tanuri kungeimeza fedha yote kabla mkulima hajaiona. Hesabu ya kukadiria si udanganyifu. Ila ni kadirio, na kadirio ni lazima lijaribiwe mara kwa mara kwa koleo na mizani.

Hesabu ya RothC ina asili yake. Ilitungwa katika kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza, ambako John Bennet Lawes na Joseph Henry Gilbert walianza jaribio la ngano katika shamba la Broadbalk mwaka 1843. Jaribio hilo laendelea hata leo. Vipande vingine hupata samadi kila mwaka, vingine havijapata kitu tangu siku hizo, na ghala la kituo hicho limehifadhi sampuli za udongo na mimea zipatazo 300,000. Kwa sababu hiyo Waingereza wakisema udongo wao umeongeza kaboni, wana udongo wa babu zao chupani wa kuulinganisha nao. Na somo moja kubwa walilolipata ni hili: kipande chenye kupewa samadi huongeza kaboni upesi katika miaka ya mwanzo, kisha mwendo hupungua, mpaka kikakaribia kujaa. Ardhi ni ghala lenye dari. Haijazwi milele.

Udongo Wenyewe Wasemaje?

Kwa bahati njema Afrika Mashariki nayo ina mashamba machache ya majaribio ya muda mrefu. Huko Kabete, karibu na Nairobi, liko jaribio lililoanza mwaka 1976. Na magharibi ya Kenya, wataalamu wa CIAT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo cha nchi za joto, walianzisha majaribio mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakilima vipande vingine kwa njia ya kawaida na vingine kwa njia zinazosifiwa: kutolima sana, kuacha mabua, kutia samadi na mbolea ya chumvichumvi kwa kipimo. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2018 yalikuwa ya kutafakarisha. Njia bora zilipunguza upotevu wa kaboni. Lakini kwa jumla hazikuongeza kaboni juu ya ile iliyokuwapo mwanzo. Udongo uliendelea kupoteza, ila polepole zaidi.

Majaribio hayo hayakufanywa katika mashamba ya mradi tuliokwisha kuutaja, wala hayatoshi kuubatilisha. Lakini ni udongo wa upande ule ule wa nchi, na neno lake lastahili kusikilizwa. Mfano wake ni mtungi unaovuja. Mkulima aliyeziba tundu moja kati ya matatu ameokoa maji, na apaswa kushukuriwa. Lakini mtu akija akasema mtungi umejaa, huyo asema uongo. Kuokoa ni faida ya kweli, kwa mkulima na kwa dunia. Basi na iandikwe kuwa ni kuokoa, wala isiandikwe kuwa ni kujaza.

Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Kampuni ya ng'ambo inayonunua hati ya tani moja huitumia kusema kwamba tani moja iliyotoka katika bomba lake la moshi imefutwa. Moshi ule ni wa hakika. Ulipimwa kwa mita, tena utakaa angani kwa karne nyingi. Ikiwa tani ya upande wa pili ni ya kukadiriwa, au yaweza kutoweka shamba likilimwa kwa trekta na mabua kuchomwa, basi biashara haikuwa sawa. Dunia imepata hasara, na mkulima wa Nyanza ametumiwa kama jina la kuandika katika vitabu vya mtu mwingine. Udongo wetu waweza kusaidia. Hauwezi kuchukua mahali pa wajibu wa nchi tajiri kupunguza moshi wao.

Nini Kifanyike?

Wako watakaosoma haya na kusema: madhali kupima ni kugumu hivi, na tuache. Sisi hatusemi hivyo. Ugumu wa kupima pamba haukuwa sababu ya kuacha kulima pamba. Ulikuwa sababu ya kupima vizuri zaidi. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga, na mali hii iliyofichika chini ya ardhi yahitaji daftari kuliko nyingine zote. Basi twatoa mashauri haya.

Kwanza, pasiwe na mkataba wa kaboni pasipo kipimo cha mwanzo kilichochukuliwa kwa koleo, katika mashamba ya kutosha yaliyochaguliwa kwa haki, mkulima akiwapo. Kila sampuli na igawanywe: sehemu iende maabara, na sehemu ihifadhiwe katika ghala la nchi yenyewe, ili baada ya miaka 10 au 20 pawepo na kitu cha kulinganisha. Majibu yarudishwe kwa mwenye shamba, katika lugha aisomayo. Hata kama hati za kaboni hazitamletea senti moja, atakuwa amejua hali ya udongo wake, na bwana shamba atajua amshauri nini.

Pili, maabara zetu ziimarishwe. Gharama ya kupima haiko vile ilivyokuwa. Katika maabara ya kituo cha kilimo cha misitu, ICRAF, kilichoko Nairobi, wataalamu wamejenga kwa zaidi ya miaka 20 njia ya kuupima udongo kwa mwanga usioonekana kwa macho. Udongo uliosagwa humulikwa, na jinsi unavyourudisha mwanga ule huonyesha kiasi cha kaboni iliyomo. Sampuli moja huchukua muda mfupi tu, bila asidi. Njia hiyo nayo yahitaji kusahihishwa kwa sampuli zilizopimwa kwa tanuri, tena za udongo wa mahali penyewe. Lakini yafanya iwezekane kupima mamia ya mashamba kwa fedha ambayo zamani ingepima machache. Vijana wa vyuo vyetu na wajifunze kazi hii kwa wingi, ili mizani isishikwe na wageni peke yao.

Tatu, mkulima asiingie katika mkataba akiwa peke yake. Mwenye nusu hekta, kwa ule mfano wetu wa tani 0.3, hupata kwa mwaka kaboni ambayo ni sawa na nusu tani hivi ya hewa ya ukaa, maana kila tani ya kaboni hufanya tani 3.67 za hewa hiyo. Kwa mali ndogo namna hiyo hawezi kuajiri mpimaji, wala mwanasheria wa kumsomea karatasi. Chama cha ushirika chenye watu elfu kumi kaweza. Na chama hicho kiulize maswali haya kabla ya kutia saini: mkataba ni wa miaka mingapi, hasara ya ukame ni ya nani, katika kila shilingi ya bei, mkulima hupata senti ngapi, na mkulima akitaka kubadili zao, je, atatozwa?

Nne, sheria zifuatwe na zikamilishwe. Tanzania ilitoa kanuni zake za biashara ya kaboni mwaka 2022, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kiko Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Kenya iliirekebisha sheria yake ya mabadiliko ya hali ya hewa mwaka 2023, ikaamuru kwamba katika miradi inayohusu ardhi jamii ipate si chini ya sehemu 40 katika mia ya mapato ya kila mwaka. Hizo ni hatua njema. Lakini amri ya Kenya imekusudiwa kwa ardhi ya umma na ya jamii. Mkulima mdogo mwenye hati ya shamba lake mwenyewe hubaki na kinga ya mkataba wake tu. Pengo hilo lazibwa na ushirika, kama tulivyokwisha kusema, na linafaa pia kuzibwa na sheria.

Tano, na hili ndilo kubwa, mkulima alipwe kwa kazi pia, asilipwe kwa tani peke yake. Makinga maji yaonekana. Miti yahesabika. Shimo la mboji halihitaji tanuri wala mwanga wa ajabu ili kulijua kuwa lipo. Mtu anayeziba mitungi inayovuja ya dunia amefanya kazi ya dunia, hata kama mwaka huu mvua ilikosekana na mboji haikuongezeka. Fedha ya kuukinga udongo yaweza kutoka katika hazina ya serikali, katika misaada ya mataifa yaliyoichafua anga, na katika bei bora ya mazao. Vipimo vya kaboni vitumike kutuonyesha kama twaenda mbele au twarudi nyuma. Visitumike kumnyima mkulima ujira wa kazi aliyokwisha kuifanya.

Ndugu wakulima na wafanyakazi, udongo ni mali isiyohamishika na isiyofichika kwa aliyeilima. Atakayekuja na karatasi ya kaboni apokewe kwa heshima, akaribishwe kiti, aulizwe habari za mizani yake. Kama ni mtu wa haki, hatakasirika kuulizwa. Haba na haba hujaza kibaba, na sisi tu tayari kujaza haba zetu kwa samadi, kwa mabua na kwa miti. Ila kibaba chenyewe na kiwekwe mezani, tukione sote.